Mpanda Baiskeli na Presha ya Kupanda

Mji wa Tanga umeizoea baiskeli kama Pemba ilivyoizoea karafuu. Mwalimu huiendea shule, mvuvi huipakia tenga la samaki, mama huketi upande juu ya keria na mtoto mapajani. Na mtu aliyestaafu kazi, kama mimi, huitoa ukumbini alfajiri ya Jumamosi, si kwa haja ya kufika mahali bali kwa mapenzi ya mwendo wenyewe, akashika njia ya Amboni hali jua halijachomoza na upepo wa bahari ungali na ubaridi. Kwa mazoea hayo imetujia imani, nasi tumerithishana barazani pamoja na kahawa na kashata, ya kwamba mwenye kupiga pedali hapatwi na presha. Kwamba maradhi hayo ni ya wenye vitambi, wakaao ofisini mchana kutwa na kubebwa katika magari jioni. Imani hiyo niliishika miaka mingi, na ninaandika makala haya kwa sababu ni batili, na ubatili wake umekwisha kuwalaza wenzetu kadhaa kwa kiharusi, hali baiskeli zao zimeegemea ukutani na minyororo imetiwa mafuta.

Mimi niliamshwa na siku ya upimaji wa bure katika uwanja mmoja mjini. Nilipita hapo nikirudi Amboni, shati limenata mgongoni kwa jasho, nikajipanga mstarini kwa nia ya kuwaunga mkono vijana waliojitolea, si kwa shaka yoyote juu ya siha yangu. Muuguzi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinipa shikamoo, akanifunga ule mkanda juu ya kiwiko, mashine ikavuma, mkanda ukabana, ukalegea, na namba zikatulia: 174 juu, 104 chini.

"Umetoka mbali na baiskeli, baba?"

"Natoka Amboni, mwanangu."

"Basi kipimo hiki tusikihesabu. Kaa kivulini nusu saa, kahawa usinywe, kisha tutapima tena."

Nusu saa ilipopita, miguu yangu yote miwili chini, mgongo umeegemea kiti, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mashine ilisema 166 juu ya 102. Aliniuliza kama naumwa kichwa au naona kizunguzungu. Nikamjibu kuwa siumwi popote. "Wengi hawaumwi, baba," akasema akiandika. "Ndiyo maana tunapima." Hakunihukumu kwa siku moja, kwa kuwa mwenye hadhari hamtangazii mtu maradhi ya maisha kwa kipimo kimoja, isipokuwa namba ziwe za kutisha mno; alinitaka nirudi siku nyingine mbili, nami nikarudi, na namba zilikuwa palepale.

Namba ya juu ni nguvu ya damu juu ya kuta za mishipa pale moyo unapojikaza na kuisukuma. Ya chini ni nguvu isaliayo pale moyo unapolegea baina ya pigo na pigo. Huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa maana chombo cha zamani kilikuwa na bomba la zebaki, nacho kilibuniwa na tabibu Mtaliani, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, kwa vitu vya nyumbani: kidau cha wino, bomba la shaba na, jambo litakalompendeza kila fundi wa baiskeli, tyubu ya baiskeli ambayo ndiyo aliyoifanya mkanda wa mkononi. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza sauti ya damu chini ya mkanda huo, na tangu hapo namba zote mbili zikapatikana. Shirika la Afya Duniani husema kuwa mtu ana shinikizo la juu la damu iwapo katika siku mbili mbalimbali namba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi. Tairi waweza kulibonyeza kwa kidole gumba ukajua kama limejaa; mshipa wako hauna mahali pa kuubonyeza, na kujiona mzima si kipimo.

Ujinga wa mambo ya presha haukuwa wetu peke yetu. Kule Boston, Marekani, alikuwapo tabibu mashuhuri wa moyo, Paul Dudley White, aliyezaliwa mwaka 1886 na kufariki mwaka 1973, mpenzi mkubwa wa baiskeli aliyewahimiza watu wa nchi yake waache magari na kupanda baiskeli kwa ajili ya mioyo yao. Hata leo iko njia ya baiskeli kando ya mto Charles yenye jina lake. Tabibu huyu, katika kitabu chake cha maradhi ya moyo kilichotoka mwaka 1931, alieleza kuwa huenda kupanda kwa shinikizo ni njia ya mwili kujisaidia wenyewe, wala haifai kuingiliwa. Si yeye tu aliyekuwa na rai hiyo. Ndiyo iliyokuwa elimu ya zama zake, na dawa za maana hazikuwapo. Rais Franklin Roosevelt alipimwa mwezi wa Machi mwaka 1944 akaonekana na 186 juu ya 108, na tarehe 12 Aprili 1945 akafariki kwa kuvuja damu katika ubongo. Ndipo mwaka 1948 ukaanza uchunguzi mkubwa katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, ulipo pia mji wa Boston, wa kuwafuata maelfu ya watu wazima mwaka baada ya mwaka, na matokeo yake yakabainisha kuwa shinikizo la juu si msaada wa mwili, bali ni mmojawapo wa milango mikubwa ya kiharusi na maradhi ya moyo. Namtaja White kwa taadhima, kwa kuwa aliishi kuona elimu ikibadilika. Walakini nasema hivi: kama yeye, bingwa wa moyo na bingwa wa baiskeli, aliweza kukosea, basi sembuse sisi wa barazani ambao hoja yetu ni kwamba miguu yetu ina nguvu.

Wala nisieleweke kuwa baiskeli haifai kitu. Inafaa sana. Unapopanda, namba ya juu huongezeka, na yaweza kupita 180 hata kwa mtu mzima, kwa sababu misuli inadai damu. Namba ya chini aghlabu hukaa pale ilipo au hushuka kidogo, kwa kuwa mishipa ya miguu imefunguka. Ukishuka na kupumzika, shinikizo huteremka chini ya lilipokuwa kabla ya safari na huweza kukaa huko saa kadhaa. Anayedumu na mazoezi ya namna hiyo kila juma, kwa jumla ya dakika 150 au zaidi, hupunguziwa namba ya juu kiasi cha milimita 5 hadi 8 ikiwa tayari ana shinikizo la juu. Hiyo ni neema, na haina gharama ila jasho. Lakini fanya hesabu nyepesi niliyoifanya mimi kwa kuchelewa: toa 8 katika 166, husalia 158. Baiskeli peke yake isingenifikisha salama, nami nilikuwa nikiipanda tangu zamani, maana yake sehemu yangu ya neema ile nilikwisha kuila.

Tabibu alinipa amlodipini na losatani. Baada ya miezi minne nilipima niliporudi safari ya Pongwe, nikakuta 126 juu ya 78, moyo ukajaa ghururi, nikasema nimepona, nikaviacha vidonge. Nilikosea mara mbili kwa pamoja. Kwanza, nilipima wakati ule ambao mwili, baada ya mwendo, humbembeleza mwenyewe kwa namba nzuri. Mpanda baiskeli anayetaka ukweli hupima asubuhi, kabla ya kahawa, kabla ya chakula na kabla ya kugusa usukani. Pili, namba ile ilikuwa kazi ya dawa, nami nikaisifu miguu. Majuma matano baadaye nilikuwa na 170 juu ya 106, bila ya kuumwa hata ukucha.

Dawa za presha nazo zina mambo yake barabarani, na mwenye kuendesha ni haki yake kuyajua. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, viatu vikabana. Wengi hudhani ni pedali, kumbe ni kidonge, na dawa yake ni kumweleza tabibu, si kukitupa. Atenololi na ndugu zake huuzuia moyo usiende mbio, hata yule mwenye saa ya kuhesabu mapigo akajikuta anahema sana ilhali saa inamwambia yuko mapumzikoni. Huyo aiache saa, ajipime kwa ulimi: akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wake ni wa kadiri, na akishindwa, apunguze. Dawa za kukojoza huondoa maji na chumvi mwilini, na katika joto letu la Januari mtu aliyezimeza akapanda saa nne ya mchana bila ya chupa ya maji aweza kushuka katika baiskeli akaanguka hapohapo. Na jambo lililo baya kuliko yote, kwa kuwa tunalifanya bila ya kuuliza, ni diklofenaki ya goti na kiuno, inunuliwayo dukani kama peremende. Dawa hiyo na jamii yake hupandisha shinikizo, na ikikutana na losatani na dawa ya kukojoza huweza kuzidhuru figo. Goti likiuma, kwanza mwite fundi akupimie urefu wa kiti.

Mwezi wa Ramadhani una hukumu yake. Nilikwenda kwa tabibu katika Shaabani, kabla mwezi haujaandama, akanipangia saa za kumeza dawa. Na baiskeli nikaihamishia usiku, baada ya tarawehe, barabara ya Raskazone ikiwa baridi na maji ya kunywa yakiwa halali.

Mlimani pana adabu. Tanga ni tambarare, lakini anayeelekea Muheza huanza kupandishwa, na hapo nimewaona vijana kwa wazee wakiziba pumzi, wakiuminya usukani hadi vidole vyeupe, wakisukuma gea nzito kwa kani. Kuziba pumzi na kujikaza namna hiyo hupandisha shinikizo ghafla kuliko mwendo wenyewe. Teremsha gea mapema, legeza mikono, toa pumzi kwa sauti, na mlima ukikushinda shuka ukokote. Hakuna aibu katika kukokota. Ukifika juu usisimame ghafla, bali endesha polepole dakika kadhaa, damu ipate kurudi moyoni.

Kuhusu chumvi nitasema maneno machache kwa uchungu, kwa sababu ndiyo iliyonishinda zaidi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na ndani yake imo ile iliyokwisha kutiwa katika mkate, achari, ng'onda na mhogo wa kuchoma wenye pilipili ya chumvi. Wapo wasemao kwamba atokwaye na jasho lazima arudishe chumvi. Kwa safari ya saa moja au mbili, maji yatosha. Madafu ni mazuri, ila mwenye figo dhaifu na atumiaye dawa kama losatani amuulize tabibu kwanza, kwa kuwa yana potasiamu nyingi, na dawa hizo huizuia isitoke.

Sasa baiskeli yangu haitoki kabla ya daftari. Naamka, naenda haja, naketi dakika tano kimya, nafunga mkanda juu ya ngozi si juu ya shati, napima, nangoja dakika moja, napima tena, naandika zote mbili. Tabibu amenipa mpaka: nikikuta 180 juu au 110 chini na kipimo cha pili kikarudia, baiskeli hubaki ukumbini na mimi nakwenda kwake. Na maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, au mkono kufa ganzi ghafla si mambo ya kungoja asubuhi. Hayo ni ya hospitali saa ileile.

Wewe uliye na baiskeli na hujapata kupimwa mwaka huu, Jumamosi ijayo, kabla ya kushika njia, pita katika zahanati au duka la dawa lenye kipimo. Keti, nyosha mkono, uziandike namba zako mbili. Zikifika 140 au 90, rudi siku nyingine; zikiwa vilevile, nenda kwa tabibu, na baiskeli nenda nayo.