Wimbo Uupendao na Sikio la Mwenzio

Katika vitu ambavyo wanadamu hugawiana bila ya mtoaji kupungukiwa, ni vichache vinavyotolewa kwa shauku kubwa kama wimbo. Msikilizaji aliyekolewa na wimbo hawezi kukaa nao peke yake: humwita ndugu, jirani au sahibu, akamketisha, akampigia utungo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, huku akimtazama usoni kwa kuvizia dalili ya furaha ile ile iliyomjaa yeye, na aghalabu mwenziwe husikiliza kwa adabu, akasema ni mzuri, kisha akauliza habari nyingine. Sidhani kuwa hapo pana dharau wala ugumu wa moyo. Wataalamu wa ubongo wamelichungua jambo hili kwa miaka mingi, na waliyoyaona yanastahili kujulikana na kila mpenda nyimbo.

Mwaka 2001 Anne Blood na Robert Zatorre wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, walitangaza uchunguzi walioufanya kwa wanamuziki 10. Kila mmoja alitakiwa aje na muziki aliouchagua mwenyewe, ule ambao kila ausikiapo mwili humsisimka na vinyweleo vikamsimama. Walipowapima kwa mashine ionyeshayo mwendo wa damu ndani ya ubongo, waliona kwamba kadiri msisimko ulivyozidi ndivyo damu ilivyobadilika katika sehemu zile zile zihusikazo na raha ya chakula. Lakini linalonivutia zaidi ni namna mtihani wenyewe ulivyopangwa. Walihitaji muziki wa kulinganishia, usiomgusa msikilizaji. Basi wakachukua kipenzi cha mshiriki mmoja wakamsikilizisha mwingine, na muziki uliomtetemesha wa kwanza ukawa kwa wa pili sauti za kawaida tu, ilhali ala zilikuwa zile zile na mpangilio wa sauti ule ule. Utamu, basi, haukai ndani ya wimbo peke yake. Nusu yake imo katika mtu, na nusu hiyo haihamishiki kwa kumpigia mwenzio wimbo.

Jambo la kwanza lililomo katika nusu hiyo ni matarajio. Mwaka 2011, katika mji ule ule, Valorie Salimpoor na wenziwe walionyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo ihusikayo na tamaa na raha, hutoka kwa nyakati mbili na mahali pawili mbalimbali: kwanza muda mfupi kabla ya kilele cha wimbo, msikilizaji anapokingoja, kisha kilele chenyewe kinapowasili. Aliyehudhuria taarabu Unguja au Mombasa ameyaona hayo kwa macho yake. Bashrafu hupigwa kwanza bila ya maneno, udi, kanuni na fidla zikipokezana, ndipo mwimbaji anapoingia. Na bibi aliyeketi safu ya nyuma, aujuaye ubeti wa tatu kwa moyo kwa sababu unasema jambo lake na la hasimu wake, huanza kufungua pindo la kanga na kutoa noti hali ubeti wa pili haujakwisha. Hujipenyeza baina ya viti kwa mwendo wa madaha, mkono ameuinua, akamfikia mwimbaji sawasawa na neno alilokuwa akilingoja, akamtunza mbele ya kadamnasi. Raha yake ilianza kitini. Mgeni aliyeketi ubavuni pake amesikia sauti nzuri, lakini hapana alichokuwa akikingoja.

La pili ni kumbukumbu. Watu wazima wakiulizwa juu ya nyimbo zilizoshika mizizi katika nafsi zao, aghalabu hutaja zile walizozisikia walipokuwa vijana. Mwaka 2009 Petr Janata wa California alionyesha kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso huamka wimbo unapomrudishia mtu siku zake zilizopita. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Kwa aliyekuwa kijana siku hizo, sauti ile ilifungamana na majina, nyuso na vifo. Kijana wa leo anayezisikiliza sahani hizo kwanza husikia mkwaruzo. Kumlaumu kijana huyo ni kumdhulumu.

Hata sikio lenyewe hulelewa. Watsimane wa misitu ya Bolivia walijaribiwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: sauti zilizoambatana ambazo wasikilizaji wa Marekani waliziita tamu na zile walizoziita kali ziliwapendeza Watsimane kwa kadiri moja. Wako pia watu wachache, waliochunguzwa Barcelona, wenye masikio mazima na wenye kufurahia ushindi wa fedha kama wengine, ambao muziki wowote hauwapi raha. Nao si wagonjwa.

Kwa hiyo anayetaka wimbo wake upokewe na aitoe ile nusu isiyosikika. Amwambie mwenziwe aangalie mahali fidla inaponyamaza, amweleze wimbo ulimkuta wapi na katika hali gani, kisha ampe wasaa wa kuurudia peke yake, bila ya kuviziwa usoni. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kitu kigeni, hata neno lisilo na maana, huzidi kupendeza kwa kukutana nacho mara kwa mara. Katika muziki mapenzi hayo hupanda kwa marudio hata yakafika kikomo, na marudio yakizidi huanza kushuka. Kwa sababu hiyo wimbo unaokaririwa redioni kutwa huchosha hata walioupenda. Mimi naona ni heri mwenzio ausikilize wimbo mara chache kwa siku mbalimbali kuliko mara nyingi kwa kikao kimoja, ili mara ya tatu au ya nne, fidla inapokaribia kunyamaza, naye awe ana la kungoja.