Piano ya Zama za Chopin: Ununue, Ukodi au Uagize?

Piano kongwe ya meza, ile yenye umbo la sanduku refu iliyoundwa London miaka ya 1830, mara nyingi huuzwa minadani Uingereza kwa pauni mia chache tu. Mpenzi wa muziki wa Chopin akiiona bei hiyo hushawishika. Namsihi asubiri, maana rahisi ni ghali.

Kabla ya kutoa pesa, mwombe fundi azungushe pini moja inayokaza waya. Ikilegea na kurudi ilikotoka, ubao unaoishika umechoka. Amulike ubao wa sauti kwa tochi atafute nyufa, kisha azipapase nyundo aone kama ngozi imekauka. Kurekebisha hayo yote hugharimu maelfu ya pauni, na ukimaliza bado una piano ya sebuleni, si ile ya ukumbini.

Anza na mtunzi, bei ifuate. Anayempenda Liszt atafute piano ya kampuni ya Érard: mtambo wake uliopata hataza mwaka 1821 huruhusu noti ileile kurudiwa kabla kibonyezo hakijapanda hadi juu. Chopin alipenda piano za kampuni ya Pleyel. Inasimuliwa kwamba alipokuwa hajisikii vizuri alipiga Érard, kwa kuwa sauti yake ilikuja ikiwa tayari; akiwa na nguvu alitaka Pleyel ili aiunde sauti mwenyewe. Kwa Schumann, sikiliza Graf ya Vienna, aina ambayo mkewe Clara alizawadiwa na Conrad Graf mwenyewe alipoolewa mwaka 1840.

Tofauti kati ya piano za kale na za leo inasikika kwenye pedali. Katika piano ya Steinway ya leo, fremu ya chuma hubeba mvuto wa tani kama 20, na sauti nzito za chini hudumu muda mrefu. Ukishikilia pedali kama Chopin alivyoandika, sauti huvurugana. Kwenye Pleyel ya wakati wake noti hufifia mapema, na maandishi yake yanaeleweka. Kwangu mimi hiyo pekee inatosha kuhalalisha gharama.

Kwa mpigaji anayetumbuiza mara kwa mara, ningechagua nakala mpya ya piano ya kale. Paul McNulty, fundi aliyeko Jamhuri ya Cheki, ameunda nakala za Graf ya 1819 na Pleyel ya 1830. Nakala za namna hii hugharimu makumi ya maelfu ya yuro, na foleni ni ndefu. Lakini Steinway kubwa ya ukumbini, ikiwa mpya, hupita dola 150,000. Mbao mpya pia hustahimili safari zaidi kuliko fremu ya mbao iliyopinda kwa karibu miaka 200.

Mwenye onyesho moja tu akodi, na bei ijumuishe usafiri na fundi wa kusawazisha sauti siku hiyohiyo. Hata Warsaw, mashindano ya Chopin ya piano za kale yalipoanza mwaka 2018, washindani walipiga piano walizoandaliwa.

Mwisho, karatasi. Vibonyezo vya kale mara nyingi vimefunikwa pembe za ndovu. Pembe nyingi zilizopitia Zanzibar karne ya 19 ziliishia katika viwanda vya vibonyezo vya Connecticut, Marekani. Tangu mwaka 2022, Uingereza inataka piano yenye pembe za ndovu isajiliwe kabla ya kuuzwa au kukodishwa. Muuzaji akuoneshe usajili huo kabla hujalipa chochote, na ukitaka kuivusha mpaka, uliza vibali vya nchi zote mbili.