Gunia la makala likiwa shamba: kulima mboga Goma juu ya mwamba



Ukipiga jembe Goma, unapiga jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikatapika tena, lava ikasimama Buhene, pale mlangoni. Watu wanasema udongo wa volkano una rutuba, na ni kweli, ndiyo sababu Masisi na Rutshuru zinatulisha. Lakini lava haigeuki udongo kwa mwaka mmoja. Inataka mvua, mizizi na miaka mingi sana, na sisi tumejenga juu yake kabla miaka hiyo haijapita. Basi mtu wa Goma anayetaka mboga nyumbani, lazima alete udongo na kuutafutia chombo.

Kwa nini naandika juu ya hii? Wengi wetu tuko na diploma na hatuna kazi, na tangu benki zilipofungwa mwezi wa kwanza 2025, hata mwenye kazi anatafuta pesa ya mkononi kwa shida. Mbele ya hapo, Februari 2024, vita vilipofika karibu na Sake, barabara ya Masisi ilikatika na bei za sokoni zikapanda. Mambo kama hayo yaliwapata watu wa Kibera, Nairobi, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Hapo shirika la Kifaransa Solidarités likasaidia familia kupanda mboga ndani ya magunia, mlangoni kwao. Wazo hilo linatufaa sisi pia.

Niseme ukweli tangu mwanzo: gunia halilishi nyumba. Fufu, maharagwe na viazi utaendelea kununua. Kitu gunia linaleta ni ile pesa ndogo ya mboga inayotoka kila siku. Kwetu Ndosho tunaishi nyumba tatu kwa parseli moja, na magunia yangu yamesimama kando ya ukuta, pale hakuna mtu anapita.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Chombo. Gunia tupu la makala liko kila nyumba. Likunje mpaka libaki na kimo cha sentimita 50. Likiwa na upana wa sentimita 45 hivi, linabeba karibu litre 80, yaani bido 4 za litre 20. Uzito wake ukilowa unaweza kupita kilo 100, kwa hiyo chagua mahali mapema, hautalisogeza tena. Bido iliyopasuka nayo inafaa: ikate kwa urefu, toboa matundu chini.

Udongo. Hapa ndipo pesa yako inaenda. Tafuta udongo mweusi wa juu, changanya ndoo 2 za udongo na ndoo 1 ya mbolea ya mbuzi, sungura ama simbilisi. Mbolea iwe imeoza: ukitia mkono usisikie moto, wala isinuke. Ile mbichi inaunguza mizizi. Kila baada ya mavuno mawili ongeza mbolea kidogo, juu mmea wa chomboni hauna mahali pengine pa kutafuta chakula.

Mawe. Hayo tuko nayo bure! Chukua kopo la maziwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze vijiwe vya volkano, kisha weka udongo pembeni. Udongo ukifika juu ya kopo, livute juu na urudie. Mwishoni utakuwa na nguzo ya mawe toka chini mpaka juu. Ukimwaga maji hapo, yanashuka na kuenea ndani. Bila nguzo, udongo wa juu unageuka tope na wa chini unabaki mkavu.

Mimea. Anza na lengalenga. Baada ya wiki 4 hivi unaanza kukata, na ukiacha shina lenye vifundo linachipuka tena. Juu ya gunia panda lengalenga na seleri. Pembeni toboa matundu, kila moja mbali na mwenzake sentimita 20, uingize miche ya shu. Mboga za majani zinataka jua la saa 4 hivi kwa siku. Nyanya inataka 6, na wakati wa mvua nyingi iweke chini ya ukingo wa mabati, la sivyo mildiu itaimaliza. Acha mche mmoja wa lengalenga utoe maua: mbegu zake zinatosha wewe na majirani.

Maji. Goma maji yanabebwa, yananunuliwa, hayachezewi. Maji ya kuosha mchele, maharagwe na mboga yanafaa kumwagilia. Ya sabuni ya nguo, hapana. Maji ya mvua ni mazuri, ila acha mvua ya kwanza ioshe mabati, juu ya vumbi na majivu ya volkano. Kolera tunaijua sote: usimwagilie majani kwa maji ya ziwa ambayo hayakutiwa klori, mwaga kwenye mawe ya katikati. Na mboga ioshwe kwa maji safi, ipikwe vizuri.

Rafiki mmoja aliniuliza kama mtu wa lisansi anaweza kuonekana anabeba mbolea. Nikamjibu kwamba mama zetu waliobeba mboga kichwani ndio walilipa minerval yetu. Kupima uwiano wa udongo, kuandika tarehe ya kupanda, kuhesabu kama gunia limerudisha pesa yake, hiyo ndiyo kazi ambayo shule ilitufundisha, na inaweza kufanyika mlangoni.

Anza na gunia moja tu. Andika umetumia franga ngapi kwa udongo na mbolea, na kila siku ukikata mboga, andika bei ambayo ungelipa sokoni. Baada ya miezi 3 linganisha. Ukiona linalipa, ongeza la pili. Ukiona halilipi, utuambie ni wapi limekwama, tutafute pamoja.