Je, Wajua? Ndimi na Vita vya Mataifa ya Kubuni

Je, wajua kwamba Kiswahili kimechangia lugha ya wapanda farasi wa Game of Thrones? Riwaya za George R. R. Martin zina taifa zima la wapiganaji, Wadothraki, wanaozaliwa, kuoana na kufa kando ya farasi, lakini mwenyewe aliwatungia maneno ya kuhesabika. HBO ilipoamua kuzigeuza riwaya hizo kuwa tamthilia, mwaka 2009 yaliandaliwa mashindano ya wabunifu wa lugha. Walijitokeza zaidi ya 30, akashinda Mmarekani David J. Peterson. Kidothraki kilipotangazwa rasmi Aprili 2010 kilikuwa tayari na maneno zaidi ya 1,700, na tangazo lenyewe lilizitaja lugha zilizompa mtunzi mwanga: Kirusi, Kituruki, Kiestonia, Kiinuktitut na Kiswahili.

Peterson alianza kwa kujiuliza watu hawa wanaishi vipi. Ndiyo maana Mdothraki akikujulia hali, hakuulizi habari za nyumbani wala za watoto. Anakuuliza kama unapanda farasi vizuri. Na neno la kusema asante hana. Kwa watu wanaoishi kwa kuteka na kugawana nyara, mtunzi hakuona mahali ambapo neno hilo lingeota.

Lugha yake ya pili kwa tamthilia hiyo, Kivalyria cha Juu, inatuhusu zaidi. Nomino zake zimegawanywa katika makundi manne yaliyopewa majina ya mwezi, jua, ardhi na bahari, na Peterson ameeleza kwamba alitaka yawe na ladha ya ngeli za lugha za Kibantu. Mwezi ni hūra, jua ni vēzos, ardhi ni tegon, bahari ni embar, na mara nyingi mwisho wa neno unatosha kukuambia liko kundi gani. Mtu aliyekua akisema kitabu na vitabu, mti na miti, anaielewa starehe hiyo mara moja. Sisi alama tunaiweka mbele, Wavalyria wanaiweka nyuma.

Lakini ngeli peke yake haifanyi taifa. Kinachonivutia zaidi katika ulimwengu huo ni jinsi vita vilivyoachiwa nafasi ya kuharibu sarufi. Katika hadithi ya Martin, dola kongwe ya Ghis ilipigana na Valyria mara tano na kushindwa mara zote tano. Mwishoni mji wake ulibomolewa, na ardhi yake ikamwagiwa chumvi, salfa na mafuvu ya vichwa. Wajukuu wa walioshindwa wakaanza kusema lugha ya washindi, ila kwa ndimi zao wenyewe. Peterson alilichukua jambo hilo kwa uzito. Kivalyria kinachosemwa na wafanyabiashara wa watumwa wa mji wa Astapor kimepoteza sehemu kubwa ya miisho ya nomino iliyokipamba Kivalyria cha Juu, kama inavyotokea lugha inapojifunzwa sokoni na kwenye kambi badala ya mapajani mwa mama. Na neno moja la Kighiscari limenusurika mpaka vinywani mwa watumwa wa mji wa Yunkai, wanaolipaza wanapomshangilia malkia aliyewakomboa: mhysa, yaani mama. Dola imefutika, miungu yake imesahaulika, neno la mama limebaki. Mtunzi aliyewahi kutazama jinsi lugha zinavyokufa kweli ndiye awezaye kubuni jambo kama hilo.

Aliyewafungulia njia watunzi wa namna hii alizaliwa barani mwetu. J. R. R. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, Januari 1892, na akiwa na miaka mitatu akapelekwa Uingereza. Mwaka 1915, akiwa kijana aliyebobea katika lugha za kale, alikuwa ameshaanza kuandika msamiati wa Quenya, lugha aliyoitunga baada ya kupendezwa mno na Kifini. Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alivuka kwenda Ufaransa akiwa ofisa wa mawasiliano wa Lancashire Fusiliers: simu za waya, taa, bendera, njiwa. Alikuwa kwenye mapigano ya Somme kwa miezi kadhaa, mpaka homa ya mahandaki inayoenezwa na chawa ilipomwangusha, akarudishwa kwao Novemba. Rafiki yake Rob Gilson aliuawa tarehe 1 Julai, siku ya kwanza ya mapigano hayo. Mwingine, Geoffrey Smith, alikufa Desemba.

Akiwa katika kuugua na kupona ndipo alipoandika hadithi ya kuanguka kwa Gondolin, mji uliofichwa milimani ambao hatimaye adui anaugundua. Katika maandishi hayo ya mwanzo, majeshi ya adui yanakuja na majoka ya chuma yaliyobeba askari matumboni. Vifaru vya kivita vilikuwa vimetumika kwa mara ya kwanza duniani Septemba 1916, hapo hapo Somme.

Tolkien mwenyewe alisimulia, katika mhadhara wa mwaka 1931 kuhusu utunzi wa lugha, kisa cha mwanajeshi mmoja aliyekaa karibu naye katika somo la kuchosha la mafunzo ya kijeshi. Yule bwana, macho yakiwa mbali, akasema kwa furaha kwamba sasa ameamua: yambwa ya lugha yake ataionyesha kwa kiambishi awali. Hakueleza zaidi. Wengine wanajifunza namna ya kuua, na yeye kichwani anapanga sarufi! Kisa hiki nakipenda kupita vyote vilivyoandikwa kuhusu jambo hili, kwa sababu kinaonyesha kwamba Tolkien hakuwa peke yake. Ni wangapi waliokufa mahandakini na sarufi zao?

Ufundi wake ulikuwa katika ukoo wa lugha. Hakutunga ndimi mbili za Waelfu wa hadithi zake, Quenya na Sindarin, kila moja upande wake. Alitunga kwanza lugha mama, kisha akawatawanya wasemaji wake kwa safari na ugomvi, na sauti zikabadilika kwa kanuni. Mti ni alda kwa Quenya na galadh kwa Sindarin, na yote mawili yametoka katika mzizi mmoja. Msomaji anayejua Kiswahili na Kikuyu anaufahamu mchezo huu bila kufundishwa: tatu kwa ithatũ, tano kwa ithano, t ya huku inakutana na th ya kule. Wanaisimu huzitumia kanuni kama hizo kurudi nyuma na kukisia lugha mama ya Kibantu ilikuwaje. Tolkien aliifuata njia hiyo hiyo kwa kuanzia juu, kutoka kwa bibi mpaka kwa wajukuu.

Halafu vita vikaingia. Katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo chake, kabila la Wanoldor linawaua ndugu zao wa Alqualondë ili kuwapora merikebu. Waliouawa walikuwa watu wa Olwë, ndugu yake Mfalme Thingol. Muda mrefu baadaye habari zinamfikia Thingol, na adhabu anayoitoa si ya upanga. Anapiga marufuku Quenya, lugha ya wauaji, isisikike katika himaya yake yote. Wanoldor wanalazimika kushika Sindarin kwa mambo ya kila siku, na lugha waliyokuja nayo inabaki ya wasomi na ya sherehe katika nyumba za wakubwa wao.

Hapa mwandishi hakubuni kitu kigeni kwetu. Sauti za Sindarin alizitoa kwa Kiwelisi, lugha ambayo katika karne ya 19 watoto wa shule za Wales walivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuisema. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, ameeleza jinsi watoto wa Kenya walivyochapwa viboko au kuning'inizwa kibao cha chuma shingoni kwa kukutwa wakisema Kikuyu shuleni. Anayeyajua hayo hawezi kuisoma amri ya Thingol kama ngano ya kupitishia usiku.

Tolkien alitunga pia lugha ya upande wa uovu, ile iliyochongwa kwenye Pete ya riwaya yake The Lord of the Rings, na aliichukia kwa dhati. Shabiki mmoja alipompelekea kikombe cha chuma kilichonakshiwa maneno hayo, hakukinywea hata siku moja. Alikifanya cha kukung'utia majivu ya tumbaku.

Je, wajua kwamba Waklingon wa Star Trek hawana salamu? Marc Okrand, mwanaisimu aliyepata udaktari kwa utafiti wa Kimutsun, lugha ya wenyeji wa California, alipewa kazi ya kukikamilisha Kiklingon kwa filamu ya mwaka 1984, na kamusi yake ikatoka 1985. Taifa hili linaishi kwa vita, kwa hiyo Mklingon akikutana nawe anasema nuqneH, yaani unataka nini. Kwa sisi tunaoweza kumaliza robo saa kwenye shikamoo, hujambo na habari za huko, huo ni ufidhuli mtupu, na ndivyo ulivyokusudiwa. Okrand aliwapa hata namna fupi ya usemi kwa amri za vitani, ambapo viambishi vinaangushwa ili mtu asipoteze pumzi. Mpangilio wa sentensi nao ameupindua: yambwa kwanza, kitenzi kati, mtenda mwisho, kana kwamba tuseme chakula kala mtoto. Ni mpangilio adimu sana kwa binadamu, ingawa Wahixkaryana wa Brazil wanao.

Filamu ya sita ilitoka Desemba 1991, mwezi ule ule Muungano wa Kisovieti uliposambaratika, na kisa chake ni cha dola hasimu inayoomba amani baada ya mlipuko mkubwa. Mezani, kiongozi wa Waklingon anadai kwamba Shakespeare anafaa kusomwa katika Kiklingon chake cha asili. Wapenzi wa lugha hiyo wakalichukua neno lake, na mwaka 1996 Hamlet nzima ikachapishwa kwa Kiklingon. Adui aliyeanza kama sura ya kutisha akaishia kuwa na fasihi.

Naamini hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Taifa la kubuni likipewa lugha, linapata jana yake, mzaha wake, watoto wake. Likinyimwa, linabaki shabaha ya mishale.

Watoto wa familia ya Brontë wa Haworth, Uingereza, ni ushahidi. Juni 1826 baba yao alimletea Branwell seti ya askari 12 wa mbao. Branwell na dada zake Charlotte, Emily na Anne, mkubwa wao akiwa na miaka 10 tu, wakawapa askari hao majina, nchi na vita. Wakawaandikia majarida madogo sana, lingine la urefu wa sentimita sita hivi, ili yalingane na mikono ya wasomaji wa mbao. Mojawapo, la mwaka 1830, lilinunuliwa mnadani Paris mwaka 2019 kwa yuro 600,000 ili lirudishwe Haworth. Emily na Anne baadaye walijitenga wakaunda nchi yao ya Gondal, na mwaka 1845, Emily akikaribia miaka 27, walisafiri kwa treni kwenda York wakiigiza njia nzima kuwa watu wa Gondal wanaotoroka ili kujiunga na wafuasi wa mfalme waliokuwa wakibanwa na wafuasi wa jamhuri.

Na dola ile ya kwanza waliiweka wapi? Afrika Magharibi. Adui walikuwa Waashanti, ambao kweli walikuwa vitani na Waingereza miaka ile na mwaka 1824 walimuua gavana Charles MacCarthy. Katika hadithi yupo mwana wa mfalme wa Ashanti, Quashia Quamina, aliyelelewa nyumbani kwa Duke wa Wellington, jenerali wa Uingereza waliyemwingiza hadithini, na baadaye kuongoza uasi. Majina yake mawili yanatokana na majina halisi ya Waakan, yale ya siku za kuzaliwa. Mengine yote aliyopewa ni hasira na ukatili. Watoto wale walikuwa na vipaji vya ajabu, na nasoma kazi zao kwa mapenzi, lakini nchi waliyoijaza majumba, magazeti na malumbano ya wabunge ilikuwa na wenyeji ambao hakuna aliyetaka kuwasikiliza.

Mwandishi wa riwaya Jack Vance alikwenda mbali kuliko wote. Katika The Languages of Pao, kitabu cha mwaka 1958, sayari ya watu watiifu mno inatekwa kwa urahisi, na mshauri wa kigeni anapendekeza dawa: watoto wa maeneo teule walelewe katika lugha mpya, moja ya kuzalisha askari, nyingine mafundi, nyingine wafanyabiashara. Inafanya kazi, na punde makundi hayo yanakuwa mataifa hasimu ndani ya sayari moja. Kinachovuka mipaka yao ni lugha ya nne, iliyochanganywa na wakalimani vijana kwa utani wao wa mabwenini.

Wakati mwingine lugha ya sayari nyingine haitungwi kabisa. Ben Burtt, fundi wa sauti wa Star Wars, alichukua ladha ya Kikechua cha Amerika Kusini kwa usemi wa majambazi wa jangwani, na Kizulu kwa wale wafupi wenye kofia za nguo. Kwa filamu ya mwaka 1983 alimpata mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich. Tazama tena shambulio la mwisho: ndani ya chombo cha Millennium Falcon, kando ya rubani Lando, kuna rubani msaidizi mwenye mashavu yanayoning'inia, Nien Nunb, anayecheka na kupaza sauti katikati ya mizinga. Sauti ni ya Rotich, na Kikuyu kimo ndani ya maneno yale. Katika majumba ya sinema ya ng'ambo ilikuwa lugha ya sayari ya Sullust. Nairobi, watu walisikia maneno wanayoyajua. Mwaka 2015 filamu nyingine ya mfululizo huo ilipotoka, Nien Nunb alirudi, na Rotich akaitwa tena kumpa sauti.