Kijana mchambuzi wa siasa: chama alikichagua au alikikuta nyumbani?

Kaa kijiwe cha kahawa pale Tandika au Mwananyamala jioni moja tu, utamkuta. Kijana wa miaka ishirini na kitu, simu mkononi, anachambua siasa kuliko waliozisomea. Anakumbuka nani aligombea wapi na mwaka gani. Akimaliza kuongea, anajirekodi na kurusha mtandaoni. Ila msikilize vizuri: hoja zake zote zinaishia kwenye chama kilekile.

Wanaomsikiliza huwa na majibu mawili. Ama katumwa, ama ni chawa anayetafuta uteuzi. Wapo wa hivyo, tusidanganyane. Lakini kuna jibu la tatu ambalo linasahaulika: huyu kijana chama alikikuta nyumbani, kabla hata hajajua kusoma.

Kwa Tanzania hilo halishangazi. Tangu 1965 mpaka 1992 sheria haikuruhusu vyama vingi, na babu na bibi za vijana wa leo walikulia humo. Chama kilianzia mlangoni. Balozi wa nyumba kumi alijua nani kahamia, nani kapata mgeni, na barua yake ilikuwa na uzito. Watoto waliwekwa kwenye Chipukizi, vijana kwenye umoja wao, akina mama UWT. Wazazi nao wana jumuiya yao ndani ya CCM mpaka leo, na inaitwa hivyohivyo, Wazazi. Tume ya Jaji Nyalali ilipowauliza wananchi mwaka 1991, karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi vije, na vikaja, lakini watu wale hawakubadilika usiku mmoja. Walirudi makwao na kulea watoto.

Upinzani nao una nyumba zake. Mwaka 1996 Temeke ilimpa Augustine Mrema ubunge kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi katika uchaguzi mdogo. Mtoto aliyebebwa begani kwenye mikutano ile sasa ni mtu mzima.

Mtoto hasikii sera. Anasikia sauti. Anamwona baba akizima redio mgombea fulani akianza kuongea. Anamwona mama amejifunga kanga ya kampeni jikoni mwaka wa tatu baada ya uchaguzi. Anajifunza "sisi" ni nani na "wale" ni nani. Sababu zinakuja baadaye sana, na zikija zinakuta nafasi imeshajaa, kwa hiyo kazi yake inakuwa kutetea kilichokuwepo. Kijana mwenye kipaji cha kuongea hutetea vizuri zaidi, basi.

Watafiti waliliona hili mapema. Mwaka 1965 kule Marekani, Kent Jennings na wenzake waliwahoji wanafunzi waliokuwa wanamaliza sekondari, na wazazi wao pia. Chama kilirithiwa kwa nguvu, hasa baba na mama wakiwa upande mmoja. Maoni kuhusu mambo mengine mengi yalirithiwa kwa udhaifu. Yaani mtoto anachukua bendera kuliko anavyochukua hoja.

Sasa hapa ndipo panaponoga. Mwaka 2014 mtafiti Elias Dinas alionyesha kwamba watoto wa nyumba zinazoongea siasa sana ndio walio rahisi zaidi kukiacha chama cha wazazi wakishatoka nyumbani. Sababu ni kwamba nyumba imewapa hamu ya siasa, na mwenye hamu hukutana na watu wapya na hoja mpya, hasa akifika chuo. Nyumba inayokupa chama inakupa pia kisu cha kukikatia.

Kwetu mfano upo, tena wa nyumba kubwa kuliko zote. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere alizunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa wa CCM. Uchaguzi huohuo mwanawe, Makongoro, alishinda ubunge wa Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Baadaye alirudi CCM, akawa mwenyekiti wa chama mkoa wa Mara, na mwaka 2015 akachukua fomu kuomba kuteuliwa kugombea urais. Aliondoka, akarudi. Nape Nnauye, mtoto wa kada mkongwe Moses Nnauye, hakuondoka. Alivuliwa uwaziri mwaka 2017 na bado akabaki kijani.

Halafu kuna jaribio gumu zaidi: chama cha nyumbani kinapohamwa na watu wake. Mwaka 2015 Kinondoni ilimchagua Maulid Mtulia wa CUF, na Temeke ikamchagua Abdallah Mtolea, wa CUF pia. Mtulia alihamia CCM mwishoni mwa 2017, Mtolea akafuata mwaka 2018, na wote wakarudi bungeni kwa chama kipya. Machi 2019 Maalim Seif mwenyewe akaenda ACT-Wazalendo. Nyumba iliyolelewa CUF ikabaki na swali sebuleni: tulikuwa wa chama, au tulikuwa wa mtu? Mchambuzi aliyetoka nyumba hiyo alilazimika kujibu kwa kichwa chake. Kwa maoni yangu, hao ndio wenye cha kusema, hata kama wamebaki walipokuwa.

Kwa hiyo ukimsikiliza kijana wa namna hii, usikimbilie kuuliza nani anamlipa. Muulize mara ya mwisho kubishana na mzee wake kuhusu siasa ilikuwa lini, na walibishania nini. Akikosa jibu, usimcheke sana. Kumkosoa katibu mkuu wa chama mtandaoni ni kazi nyepesi ukilinganisha na kumwambia mama, aliyekubeba mgongoni akipiga kampeni vumbini Mbagala, kwamba safari hii kura yako imeenda kwingine.