Kabla hujanunua intaneti ya kasi, tafuta penye wembamba

Wiki hii jirani yangu alinijia na karatasi ya matangazo mkononi. Anataka kulipia intaneti yenye kasi mara mbili ya aliyo nayo, akaniuliza kama ni busara. Nilimjibu kwa kisa cha zamani, nami nimeona nikiandike hapa huenda kikawafaa wengine.

Mwishoni mwa mwaka 1998 nilikuwa London kwa kaka yangu. Alikuwa na ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo ya watu wetu kuja Mombasa. Tulitumia modemu kwenye laini ya simu ya kawaida, na ilikuwa polepole mno. Ndipo tukasikia habari za ISDN, laini ya simu ya kidijitali. Laini moja ilikuwa na njia mbili, kila njia ikibeba biti 64,000 kwa sekunde. Muuzaji akatuambia kompyuta yetu haifai, tununue mpya. Na pesa tulizokuwa nazo zilikuwa za kuezeka nyumba ya mama, Kisauni.

Tukamwendea fundi mmoja mzaliwa wa Lamu. Hakutuuliza tuna pesa ngapi. Alisema, “Wanangu, kwanza nionyesheni hiyo kompyuta.”

Adapta ya ISDN ya nje ilichomekwa kwenye poti ya siriali, ile yenye pini tisa nyuma ya kompyuta. Humo biti hupita moja moja, kwa foleni, na hupokewa na chipu. Chipu kongwe, kama 8250 na 16450, zilikuwa na nafasi ya baiti moja tu ya kungojea. Baiti nyingine ikifika kabla kompyuta haijaichukua ya kwanza, moja hupotea na kazi hurudiwa. Chipu ya 16550A ina nafasi ya baiti 16, kwa hivyo hata kompyuta ikiwa na shughuli nyingine, hakipotei kitu.

Fundi alifungua programu ya MSD, iliyokuja na Windows 3.1, akatuonyesha jina la chipu yetu: 8250. Ugonjwa ulikuwa hapo. Dawa yake ilikuwa kadi ya siriali yenye 16550A, ya kuchomeka ndani. Bei yake haikukaribia hata kidogo bei ya kompyuta.

Kaka akauliza, “Na tukizitumia njia zote mbili pamoja?” Fundi akachukua kalamu. Poti ya siriali ya kawaida mwisho wake ni biti 115,200 kwa sekunde. Kila baiti ina biti 8, na poti huongeza moja ya kuanza na moja ya kumaliza, jumla 10. Basi hupita baiti 11,520 kwa sekunde. Njia moja ya ISDN huleta baiti 8,000, nazo zinapita bila taabu. Njia mbili huleta 16,000, nazo hazipiti zote. “Mtalipia simu mbili,” akasema, “na nyingine hamtaipata hata nusu yake.” Mwenye haja ya njia mbili alipaswa kununua kadi ya ISDN ya ndani, isiyopitia poti hiyo kabisa. Sisi kazi yetu ilikuwa barua pepe na orodha za mizigo. Njia moja ilitutosha.

Tukanunua kadi na adapta. Pesa iliyobaki ikaja nyumbani, na mama akaezekewa kabla ya masika.

Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na leo vijana hawajui ISDN ni kitu gani. Lakini hesabu ni ile ile. Ruta yenye poti za megabiti 100 haitakupa 200 kwa waya hata ukizilipia. Na kama ruta imefichwa nyuma ya kuta mbili nene za mawe, tatizo lako huenda si kifurushi.

Kwa hivyo jirani nimemwambia apime kwanza: kasi anayolipia, kasi inayofika kwenye ruta kwa waya, na kasi inayofika chumbani. Panapopungua ndipo pa kutengeneza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.