Mtaita ni nani?

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia juzi na fomu mkononi. Penye kabila alikwisha kuandika "Mtaita". Penye lugha ya mama kalamu ilikuwa imegoma. Babake ni Msaghala, mamake ni Mdawida wa Werugha, naye amezaliwa mjini Voi, ambako tangu reli ifike mwishoni mwa karne ya 19 Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. "Mwalimu, niandike ipi?" Nilikohoa kidogo, kama tufanyavyo walimu tunapotafuta muda.

Jina Taita, wasomaji wapenzi, limefunika mengi. Chini yake wamo Wadawida wa vilima vya Wundanyi, Mbale na Bura. Wasaghala, ambao mlima wao unauchungulia mji wa Voi. Na Wakasighau walio upande wa kusini, ambao serikali ya Kiingereza iliwahamishia Malindi kwa nguvu mwaka 1915, ikiwashuku kuwasaidia Wajerumani. Wataveta nao ni watu wengine, ijapokuwa jina la kaunti limewafunga pamoja nasi.

Sasa tuje kwenye lugha. Katika orodha ya Guthrie, Kidawida na Kisaghala vimewekwa katika namba moja, E74, vikitenganishwa kwa herufi tu. Hata hivyo, Msaghala akisema kwa kasi, Mdawida wa Mbale hubaki akitabasamu kwa adabu. Baadhi ya wanaisimu hukikaribisha Kidawida kwa Kichaga, na Kisaghala huwaonyesha sura nyingine kabisa. Basi tuviite lahaja? Wachina wa Canton huulizwa swali hilo hilo: maneno yao huitwa lahaja ya Kichina, ilhali mtu wa Beijing asiyejifunza hayaelewi yakisemwa.

Ajabu kubwa zaidi imo ndani ya msamiati. Mwaka 1981 Christopher Ehret na Derek Nurse walichapisha uchunguzi wao kuhusu Wakushi wa Taita. Walionyesha kwamba lugha hizi za Kibantu zimehifadhi maneno ya watu wa Kikushi walioishi humu zamani, na ambao lugha zao zimekwisha kutoweka. Maana yake ni kwamba wageni na wenyeji walioana, wakalima pamoja, hata mmoja akasahau usemi wake na mwenziwe akaurithi nusunusu. Anayejigamba kuwa Mtaita halisi asiyechanganyika ajichunge. Ulimi wake wenyewe utamsaliti.

Naungama kwamba mimi pia nimeshiriki kosa. Katika shule niliyosomea, aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, nami nilipokuwa kiranja nilikivisha wenzangu kwa bidii. Kisaghala kilikuwa na kitabu cha sarufi tangu mwaka 1894, kazi ya mmishenari Wray, lakini sisi watoto wa mlimani hatukukiona hata jalada. Leo sera inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mjini Voi lugha hiyo ni Kiswahili, nami sikilaumu; nacho ni lugha yetu. Ila nauliza: Kisaghala kitafundishwa wapi, iwapo hata chini ya mlima wake hakina darasa?

Yule kijana nilimwambia aandike zote tatu. Alirudi siku ya pili. Nafasi ilikuwa ndogo mno, akasema, kwa hiyo alikwenda kumwuliza nyanyake. Bibi alimtaka kwanza aisome fomu yote kwa Kisaghala, na kijana hakuweza.